Anasoma au anakariri? Namna ya kujua ukiwa nyumbani

Mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya wageni na kutiririsha "ba be bi bo bu" bila kukwama, nyumba nzima humpigia makofi. Sasa mwandikie "bo" peke yake kwenye karatasi, umuulize inasomekaje. Wengi hukaa kimya, midomo inachezacheza: wanaimba kimoyomoyo kuanzia "ba" mpaka waifikie. Huyo anajua wimbo, kusoma bado. Akifika darasa la tatu atapata shida, maana kuanzia hapo masomo yanaongezeka na vitabu vyake vimeandikwa kwa mtu anayejua kusoma tayari.

Kwa hiyo usijitwishe kazi ya kufundisha upya alichofundisha mwalimu. Wewe pima tu kama kimeingia. Dakika 15 jioni, siku tano za wiki, zinatosha. Hapa Kigoma jioni tumependelewa: saa ni ileile ya nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi, jua linazama karibu na saa moja, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Tumieni mwanga huo kabla ya kuhangaika na taa. Alfajiri mwache alale, saa kumi na mbili kwetu bado ni giza.

Anza na kadi. Unahitaji boksi la biskuti au la sabuni, mkasi na maka peni. Kata vipande vya upana wa vidole vitatu, kila kimoja uandike silabi moja kwa herufi ndogo, kwa kuwa ndizo zilizojaa vitabuni. Usiandike silabi zote kwa mkupuo. Chukua m, b, k na t, kila moja na irabu zake tano, upate kadi 20. Zichanganye kama karata, atoe mojamoja na kusoma. Anayoisoma kabla hujahesabu moyoni mpaka tatu iweke kulia. Inayomkwamisha iweke kushoto. Rundo la kushoto ndilo somo la kesho. Kisha aunganishe: ba-ti, mi-ti, ka-ma-ta. Kadi za kulia zikifika 15, ongeza konsonanti mbili mpya. Zenye herufi mbili kama mb, nd, sh na ch zisubiri kwanza, na dh, th na gh ziwe za mwisho kabisa. Hizo tatu hazimo katika lugha nyingi za kwetu, Kiha kikiwemo, na mtoto anayesikia "zahabu" nyumbani ataandika hivyohivyo. Hajakosea kufikiri, ameandika alichosikia.

Wazazi waliosoma wana kosa lao. Hufundisha kwa majina ya herufi: "be na a, inakuwaje?" Mtoto mwenye akili timamu anajibu "bea", na anagombezwa. Tumia sauti. Funga midomo kwa b, ifungue kwa a, ba. Basi.

Ukitoka Ujiji ukapanda kuelekea Kasulu, Buhigwe au Kakonko, kuna jambo jingine. Kiha kinasema "umuntu", kwa hiyo mtoto anaposoma "mtu" hutamka "mutu", na kwenye imla anaandika "mutu". Kumkaripia hakusaidii kwa sababu sikio lake halisikii tofauti. Pigeni makofi pamoja: m, kofi la kwanza, midomo imefungwa, tu, kofi la pili. Halafu m-to-to, makofi matatu. Asipofungua midomo kwenye kofi la kwanza, ile "u" haina pa kupitia. Kuchanganya l na r ni suala tofauti. Akisoma "kura" kwa kutamka "kula", muulize maana yake. Akisema ni ya uchaguzi, amesoma sawa, na matamshi yatafuata taratibu.

Maneno marefu hutisha hata watoto wazuri. "Hawakutuandikia" lina silabi nane. Lifunike kwa kidole, lifunue silabi moja baada ya nyingine, kisha alirudie lote bila kukata. Akikwama, hesabu mpaka tano kabla ya kumsaidia. Mzazi anayewahi kutaja neno humfundisha mtoto kutazama uso wa mzazi badala ya ukurasa.

Na kama wewe mwenyewe hujui kusoma, au ni bibi anayelea wajukuu? Unaweza kupima vizuri tu. Msikilize akisoma ukurasa. Chagua neno moja, liwekee nukta hafifu ya penseli pembeni (kitabu ni cha shule, utaifuta), ukumbuke alivyolitamka. Kesho yake, kabla hajaanza, funika mengine yote kwa viganja ubakize neno lile. Akilitaja vilevile, vizuri. Akitaja jingine, au akiomba aanzie juu ya ukurasa, ujue jana alikuwa anakariri. Funika na picha pia, maana picha ya kuku ndiyo inayosoma neno "kuku" kwa watoto wengi. Kisha mwambie akueleze hadithi kwa Kiha, Kimanyema, lugha yoyote mnayoongea. Kuwakataza watoto lugha ya nyumbani ili "wajue Kiswahili" ni kujinyima kipimo: anayeweza kuhamisha hadithi kwenda lugha nyingine ameielewa.

Daftari lililojaa vema nyekundu nalo lisikudanganye, kwa kuwa kunakili ubaoni hakuhitaji kujua kusoma. Taja maneno matano kutoka ukurasa wa leo, daftari likiwa limefungwa, ayaandike. Kama huna karatasi, mchanga uliolainishwa kwa kiganja unafaa sana. Vya kusoma havikosekani: mfuko wa unga, majina ya boti pale Kibirizi, gazeti lililofungia maandazi. Mwenye simu na bando atapata vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kwenye hesabu, ugonjwa ni uleule wa kukariri. Mpe 42 kutoa 17. Akijibu 35, hajafanya uzembe. Ameona 2 haitoi 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Mfano wa ubaoni hautamtibu. Kata njiti 100 za fagio la chelewa zenye urefu wa kidole, funga kumikumi kwa uzi. Arobaini na mbili ni mafungu manne na njiti mbili. Mwambie akupe njiti saba. Hana. Afungue fungu moja mwenyewe, sasa ana njiti 12. Akitoa saba zinabaki tano. Kwenye mafungu matatu yaliyobaki atoe moja, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Ile "kukopa" ya darasani sasa ameishika mkononi. Fanyeni mara tatu nne kwa njiti, kisha kwa njiti huku akiandika, kisha kwa kuandika tu. Ukiruka hatua ya katikati, njiti zitabaki mchezo na daftari litabaki na makosa yaleyale. Vizibo vya soda vinafaa kuhesabia, lakini havifungiki.

Ukifanya haya kwa wiki sita hivi na rundo la kushoto halipungui, achana na kadi kwanza. Mwandikie herufi kubwa ukutani, asimame hatua sita, afunike jicho moja, kisha jingine. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Ukiona anakunja uso, anasogea mbele, au hageuki, mpeleke Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu akapimwe macho na masikio, kabla hujaanza kumlipia tuisheni.