Nilivyomtafutia bungua wa kahawa ukoo wake

Anayelima arabika huku kwetu Kilimanjaro humjua bungua mweupe, mdudu anayetoboa mashina ya kahawa, hata kabla ya kumwona. Utaona pumba za mbao zimemwagika chini ya shina, majani ya mbuni yanageuka manjano, na miti mingine ya kihamba (shamba la nyumbani) hicho hicho imestawi. Buu huanza kwa kula gome kulizunguka shina karibu na ardhi, kisha huzama ndani ya mti. Anaweza kukaa humo mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Niliposoma kwamba wakulima wa India nao wanateswa na bungua mweupe kwenye arabika yao, nilitaka kujua kama ni mdudu yule yule aliyehamia huko pamoja na kahawa.

Nikachukua vipande vya mashina yaliyong'olewa, nikavitia kwenye ndoo na kufunika kwa chandarua. Mvua zilipoanza, mbawakawa wakatoka, nikawatazama kwa lenzi ya mkono. Uso wao umeshuka wima, kama wa ng'ombe anayelisha, na papasi za dume, yaani vile vipapasio vya kichwani, zinaupita mwili kwa urefu. Uso wa namna hiyo ni alama ya nusufamilia ya Lamiinae, iliyo kubwa kuliko zote katika familia ya Cerambycidae ya mbawakawa wenye papasi ndefu, nayo ina spishi zaidi ya 20,000. Wetu ni Monochamus leuconotus. Katika jenasi hiyo hiyo kuna Monochamus alternatus wa Japani na Monochamus galloprovincialis wa Ulaya, wanaoeneza mnyoo unaoua misonobari.

Kisha nikatafuta picha za karibu za yule wa India, Xylotrechus quadripes. Papasi zake ni fupi, mwili mweusi una mistari ya rangi hafifu, na yumo katika nusufamilia nyingine, Cerambycinae. Kwa hiyo hawa ni jamaa wa mbali sana, waliokutana kwenye mti mmoja tu. Arabika asili yake ni Ethiopia. Inasimuliwa kwamba Baba Budan, mtawa wa Kisufi, aliifikisha India katika karne ya 17, akitoka nayo Yemeni kama mbegu. Mbegu haibebi bungua wa shina. Yule wa huko ni wa Asia, na mbuni ndio uliomfuata kwake.

Wanaosafiri kweli husafiri ndani ya mbao. Phoracantha semipunctata wa Australia amefuata mikaratusi hadi Afrika Kusini na California. Anoplophora glabripennis wa China aligunduliwa Brooklyn, New York, mwaka 1996. Masanduku na vibao vya kufungia mizigo ndivyo vinavyomvusha bahari. Mambo haya yamenibadilishia kazi shambani kuliko dawa yoyote: shina lenye bungua nalichoma pale pale kihambani, na silitoi kwenda kwa jirani hata akiliomba kwa ajili ya kuni.