Ukiambiwa "tutakupigia" Arusha

Usaili wa kazi Arusha huisha kwa neno moja: "tutakupigia". (Usiseme "mahojiano"; huku hilo ni la polisi na watu wa redio.) Unashikwa mkono, unaagwa vizuri, pengine umepewa na soda, halafu wiki tatu kimya. Hakuna ndiyo, hakuna hapana. Wakenya na Waganda wengi wanaovuka Namanga hufikia hapo wakasema wamebaguliwa kwa sababu ya pasipoti. Wakati mwingine ni kweli pasipoti imehusika, ila si kwa namna wanayodhani.

Tuanze na hesabu ya siku. Chukulia wamempata mtu, na si wewe. Ana kazi kwingine na analipwa kwa mwezi, kwa hiyo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 notisi yake haipungui siku 28. Weka wiki moja ya kuvutana kuhusu mshahara na nyingine ya kuandika mkataba na kuusaini: tayari ni wiki sita. Muda wote huo wewe uliyeshika nafasi ya pili ni wa akiba. HR (ofisa rasilimali watu) hawezi kukuambia umekosa, maana yule wa kwanza akiongezewa hela alikokuwa na kughairi siku ya 27, wewe ndiye utakayetafutwa usiku usiku. Ni tabia mbovu, lakini ina mantiki yake. Ndiyo maana anayekosa kabisa mara nyingine hujibiwa mapema kuliko aliyekaribia kupata.

Kwenye utalii kalenda ndiyo bosi. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingi za porini zinafungwa, na Juni zinafunguliwa. Usaili wa Februari hadi Aprili ni wa kujaza nafasi za Juni. Ofisi iko Njiro au Sakina, hapa hapa Arusha, ila mwenye kusema ndiyo ni meneja aliyeko Serengeti, au mwenye kampuni anayesubiri kuona oda za wageni zimefikia wapi. Msichana wa mapokezi hajui, na HR naye hajui. Mwisho wa Mei watu hupandishwa porini kuandaa mahema. Kama hujaitwa mpaka hapo, nafasi hiyo imekwenda. Usifute namba yao lakini. Wiki za mwanzo za Julai kuna wapishi na wahudumu wanaoshindwa maisha ya porini wakateremka, na hapo anatafutwa mtu wa kesho asubuhi, si wa mwezi ujao.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yana mtego wake. Huwa yanasaili watu kwa mradi ambao hela yake bado haijapatikana. Dalili ni moja: unaombwa barua ya kukubali jina na CV yako viambatishwe kwenye andiko la mradi. Hiyo si ajira, ni bahati nasibu, na majibu yako yanategemea majibu ya mfadhili. Saini ukipenda, ila endelea kutafuta. Taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo huchukua miezi, kwa kuwa zaidi ya alama zako kuna mgawanyo wa nafasi kwa nchi wanachama. Matangazo ya kazi za namna hiyo huandika wazi kwamba watakaotafutwa ni waliochaguliwa tu, kwa hiyo kimya chao umeshaelezwa tangu mwanzo.

Sasa pasipoti. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, ilifungua soko la ajira kwa fani zilizoorodheshwa, si kwa kila kazi. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi, kisha kuna kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Anatakiwa aeleze kwa nini hakumpata Mtanzania, na aonyeshe mpango wa kumwachia Mtanzania kazi hiyo baadaye. Kampuni yenye watu kumi na mhasibu mmoja ikiangalia makaratasi hayo inachoka. Haikuambii imechoka, inanyamaza.

Hapa ndipo unapoweza kujisaidia, na wengi hawajui. Kabla ya usaili, fungasha faili la kibali mwenyewe. Shahada ya nje ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu ikatambuliwe, na cheti cha KCSE (kile cha sekondari cha Kenya) kitafutiwe ulinganifu NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Anayetafuta kazi ya afya Moshi aanze na Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila usajili hospitali haiwezi kukugusa hata kama usaili ulikuwa mtamu. Kwenye chumba cha usaili sema sentensi moja: "Vyeti vyangu vimeshatambuliwa, nakala za faili la kibali ninazo hapa." Umempunguzia mtu kazi ya mwezi. Nakala tu, tafadhali. Vyeti halisi visilale ofisini kwa mtu.

Halafu simu, kosa dogo linalowagharimu watu wengi. CV ina namba ya +254. Simu ya mezani ya mapokezi mara nyingi imefungiwa kupiga nje ya nchi, na kama haijafungiwa, hakuna wa kuchoma salio lake binafsi kwa ajili yako. Pata laini ya Tanzania. Inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Iweke juu kabisa kwenye CV, ile ya Kenya ibaki ya WhatsApp na nyumbani. Na ukiambiwa "nipigie saa tisa", ni saa tisa alasiri. Wapo waliopiga saa tatu asubuhi.

Kufuatilia kuna adabu yake. Kabla hujainuka kwenye kiti uliza mambo mawili: uamuzi unatarajiwa lini, na ukifuatilia umtafute nani. Kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani, mistari mitatu inatosha. Tarehe waliyotaja ikipita, ngoja siku mbili za kazi ndipo uandike. Kama hawakutaja tarehe, siku ya nane. Wiki moja baadaye piga simu, kati ya saa nne na saa sita asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi.

Namna ya kuzungumza ndiyo inayowaangusha watu wa kwetu. "Hallo, nataka kujua kama mlinipea kazi ama hamkunipea" kwa Nairobi ni kawaida, Arusha umeshajiharibia. Salimia kwanza, hadi mwisho:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, naitwa fulani, nilikuja kwenye usaili wa mhasibu Jumanne ya wiki iliyopita. Naomba kuuliza kama mmeshafikia uamuzi, au nivute subira hadi lini?"

Akiwa wa rika lako, "habari za asubuhi, dada" inatosha. "Naomba" usiisahau. Na hicho kipande cha "hadi lini" ndicho chenye kazi, kwa sababu kinamtaka ataje siku.

Majibu nayo yana tafsiri. "Bosi amesafiri" ikirudiwa mara mbili ni hapana. "Vuta subira kidogo" bila tarehe ni hapana ya upole, au wewe ni wa akiba. "Tulikuwa tunataka kukupigia" husemwa hata na asiyekukumbuka. Lakini akikuuliza "pasipoti yako inaisha lini?" au "notisi yako ni siku ngapi?", hapo kuna kitu, mtumie nakala siku hiyo hiyo. Baada ya kutuma ujumbe mara mbili na kupiga simu moja, tuma wa mwisho kwamba unaendelea na nafasi nyingine na mlango uko wazi. Kisha nyamaza na wewe.

Desemba usihesabu kabisa. Kuanzia katikati ya mwezi Wachaga wanapanda nyumbani kwa Krismasi, Moshi inajaa magari ya Dar, na mwenye kusaini yuko Rombo au Marangu kwenye mbuzi. Kimya cha tarehe 15 Desemba hadi wiki ya pili ya Januari hakina maana yoyote.

Kuna wanaouliza sheria. Ontario, Kanada, tangu 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi lazima amjulishe aliyemsaili, ndani ya siku 45 tangu usaili wa mwisho, kama uamuzi umefikiwa au bado. Sheria ya ajira ya Tanzania haina kipengele cha hivyo. Inakataza ubaguzi hata kwa mwombaji kazi, ila kumtanguliza raia kwa mujibu wa sheria hakuhesabiwi kuwa ubaguzi, kwa hiyo huko usipoteze nauli. Ulichonacho ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023: unaweza kuuliza kampuni inashikilia taarifa zako zipi na kuomba zifutwe. Inafaa kwa aliyeacha nakala za pasipoti ofisi tano. Kazi haitakupa.

Ikija ile simu ya baada ya miezi minne, "dada, bado unahitaji ile kazi?", usirukie. Uliza kama ni nafasi ile ile na mshahara ule ule, nani analipia kibali, na kinaombwa lini. Ukiambiwa "anza kwanza, kibali kitakuja", jua kwamba pasi ya matembezi uliyogongewa Namanga si ruhusa ya kazi, na siku maofisa wakiingia ofisini anayepandishwa gari ni wewe. Ukiambiwa utume hela ya kibali kwa namba ya mtu binafsi, kata simu.