Nilivyotoa dizeli kwenye kiberenge na kukitia betri

Kiberenge chetu, kile kigari kidogo cha kutembea relini, kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya ukoo mmoja na zile za mashine za kusaga, na kuiwasha asubuhi ilikuwa shughuli ya watu wawili. Mimi ni fundi umeme kwa mkandarasi anayekarabati kipande cha reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, upande wa Dodoma kwenda Bahi. Kiberenge ndicho kinachobeba mataruma (yale yanayolala chini ya reli), majeki, maji ya kunywa na gengi la watu sita. Injini ilipokufa kabisa, bosi akataka chombo kizima kiuzwe chuma chakavu. Nikamwomba anipe miezi miwili.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa vichwa vya treni. Aliniambia, "Mwanangu, kwenye vile vichwa vikubwa vya dizeli, dizeli haizungushi gurudumu. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli." Maana yake kichwa kile tayari ni cha umeme, ila kinatembea na mtambo wake wa kuzalishia. Ukitoa mtambo ukaweka betri, mota zinabaki palepale. Uingereza wamefanya jambo la jinsi hiyo kwa mabehewa ya treni za chini ya ardhi za London yaliyoundwa miaka ya kuzunguka 1980. Badala ya kuyakatakata waliyatia betri, na Great Western Railway ikayapeleka kwenye majaribio katika njia fupi ya Greenford, ambako yanachajiwa kwa dakika tatu na nusu tu. Mwaka 2025 treni hiyo ilikwenda zaidi ya kilomita 320 bila kuchajiwa tena. Niliposoma hayo sikulala vizuri. Chuma chetu kilikuwa kizima, ekseli nzima, kilichokufa ni injini tu.

Shida ilikuwa mota ya nguvu gani. Kila muuzaji alinitajia yake. Mwishowe niliazima mizani ya kuning'iniza kwa mfanyabiashara wa alizeti, ile ya kupimia magunia, nikaifunga kati ya kamba na kiberenge kikiwa na mzigo wa kutosha kufika tani mbili. Tukavuta kwenye njia iliyo tambarare. Kuanza kuondoka, mshale uligonga kilo 35. Kikishaanza kutembea, ulirudi mpaka kilo 12 ukatulia hapo. Nilipiga hesabu mara tatu nikidhani nimekosea: kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni kama wati 500, nusu ya pasi ya nguo, kuvuta tani mbili! Gurudumu la chuma juu ya chuma halina mpinzani. Kinacholeta gharama ni mlima. Kila mwinuko wa mita moja kwa mita mia unaongeza kilo 20 kwenye mizani yangu, na ukiwa wa mita mbili, kilo 40. Nikachukua mota ya bajaji ya umeme ya kilowati 4 na kontrola yake, yaani kifaa cha kuiongoza, nikaifunga kwa cheni kwenye ekseli ya nyuma.

Kwenye betri nilikosea, na kosa lenyewe liligharimu. Nilifunga betri nne za lori, za asidi. Betri ya lori imeundwa kutoa mkupuo mmoja wa kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua mpaka chini kila siku inakufa. Zangu zilimaliza wiki sita. Safari ya pili nilinunua seli 16 za lithiamu zenye chuma na fosfati, kila moja volti 3.2, jumla volti 51.2 na ujazo wa ampea-saa 100. Uzito ulishuka kutoka karibu kilo 180 hadi chini ya 40. Sanduku nililiwekea paa la mabati mawili yenye nafasi katikati, maana jua la Oktoba huku halina huruma na joto ni adui wa seli. Waya wa hasi sikuugusisha kwenye bodi kama tunavyofanya kwenye magari. Chombo kimekaa juu ya reli, sikutaka umeme wangu uzurure huko.

Sasa breki. Kontrola niliyonunua inageuza mota kuwa jenereta kwenye mteremko, hivyo chombo kinapunguza mwendo huku betri ikijazwa. Nilifurahi sana, kwa sababu kutoka Dodoma kwenda Bahi reli inashuka zaidi ya mita 200. Asubuhi moja njia imefungwa kwa treni nyingine ili sisi tufanye kazi, betri imejaa pomoni baada ya kuchaji usiku kucha, tukaanza kushuka. Mwendo ulikuwa mzuri, kisha ghafla kile kizuizi cha mota kikatoweka, chombo kikaachia. Nyapara wetu akanipigia kelele, "Fundi, vipi?" Nikamjibu, "Mzee, kaza ya mkono!" Alikuwa ameshaishika. Vibao vya breki vilinuka moshi, tukasimama.

Sababu niliipata jioni. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo kifaa cha kulinda seli kilikata, na breki ya umeme ikaondoka nayo. Tangu siku hiyo tunachaji mpaka asilimia 80 tu tukianzia juu, breki ya mkono inajaribiwa kabla mtu hajapanda, na ya umeme tunaihesabu kama msaada. Yeyote anayefikiria kubadili chombo cha reli aanzie hapa, kabla ya kuuliza bei ya mota.

Siku ya kawaida tunatembea kilomita 30 na kutumia yuniti mbili na nusu hivi. Zamani zilikuwa lita nne za dizeli.

Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, imefika Dodoma tangu Julai 2024, inakula volti 25,000 kutoka waya wa juu. Reli yetu, iliyofika hapa mwaka 1910 enzi za Wajerumani, haina waya. Ninapoona kichwa cha dizeli kikipanga mabehewa, mwendo mfupi, kusimama kwingi, injini ikinguruma bure, naiona kazi ya betri kabisa. Natamani nishirikishwe siku watakapoamua.

Jambo moja sikulitarajia. Kiberenge hakina kelele tena, na wachungaji karibu na Zuzu walizoea kuondoa mbuzi relini wakisikia injini kwa mbali. Nyapara alikataa kuondoka mpaka nifunge honi. Nimefunga mbili, na bado yeye anatembea na kengele yake.