Kaka, IST yangu si teksi

Jana jioni nikitoka kazini niliegesha gari langu, Toyota IST, pembeni mwa barabara ya Kasenga ili nipokee simu. Kabla sijasema "haloo", mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee mmoja mwenye koti na bahasha ya kaki akaingia, akajiweka sawa, akasema, "Mama, unifikishe ku Kenya." Nikamwambia hili si teksi. Akalikagua gari kwa macho, dari hadi mazulia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa uliinunulia nini?"

Nikampeleka. Nilikuwa naelekea hukohuko, maana ndiko ninakokaa, na mnaonifahamu mmeshauchoka utani huu: Mtanzania wa Mbeya anayeishi Kenya, na Kenya yenyewe iko Kongo. Ni komuni moja ya hapa Lubumbashi. Aliposhuka aliacha noti mbili za faranga kwenye kiti. Nikazikataa, naye akaukataa mkono wangu. "Aksanti mingi, mama," akaenda zake.

Nilicheka hadi nyumbani. Kicheko kilikatika nilipofungua kundi la familia na kukuta kaka yangu ameijibu picha ya gari niliyotuma: "Yaani dada umeenda Kongo kwenye dola, miaka miwili na nusu, umeishia bebi woka?" Bebi woka ndilo jina la utani la IST huko kwetu. Halafu vikaragosi vya kucheka, vya shangazi, vya binamu, hata vya mjomba ambaye hajawahi kumiliki baiskeli.

Sawa. Ngoja niwajibu wote pamoja, na wale mnaonitumia ujumbe kila wiki, "Nitafutie gari huko, nasikia ni bei ya karanga," msome hapa hapa.

Kwanza, hilo la karanga. Magari mengi ya Kijapani mnayoyaona huku yamepita mlangoni kwenu. Yanashuka bandari ya Dar, madereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu kwenda nchi za nje, wanayakimbiza hadi Tunduma kama wanaofukuzwa, yanaingia Zambia, yanatokea Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. IST yangu lazima ilipita Uyole mbele ya duka la mama. Ilipita bila kulipa kodi ya kwetu kwa sababu ilikuwa safarini, ndiyo maana mnadhani huku ni bure. Lakini kila mpaka unamega kipande chake, na Kongo nako kuna ushuru, plaki (namba za gari), karti rozi (kadi ya gari), vinyeti (kodi ya barabara), asiransi (bima) na kontroli tekniki (ukaguzi wa gari). Nimelinunua kwa dola 4,300, tena likiwa limeshatumika hapa hapa mjini. Pigeni wenyewe hesabu ya IST namba D, ya usajili wa herufi D, pale Mwanjelwa, Mbeya, mniambie karanga ziko wapi.

Nilikuwa na dola 5,500. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta gari la dola 5,500.

Kosa la pili ni la kiburi. Huku wanaendesha kulia, nami nikajiambia nitanunua gari lenye usukani wa kushoto, kama watu wenye akili. Nikaliona moja, la Kijerumani, limetoka Ubelgiji, jeusi, viti vya ngozi, linanukia kama hoteli. Nilishaanza kujiona nikishuka nalo mbele ya kanisa. Mzee fundi wa mtaani kwetu, niliyemwomba anisindikize, hata kulifungua boneti hakulifungua. Aliniuliza swali moja: "Yaya (yaani dada), hapa Kenya uliona ngapi kama hii?" Sikuwa nimeona hata moja. "Sasa ikiharibika, kipande utatoa wapi?" Tukaondoka. Muuzaji alinikasirikia mimi, fundi hakumgusa.

Nikahamia kwenye Toyota Premio ya 1.8. Kwa macho ilikuwa nzuri, na muuzaji akawa anaimba, "Motoka iko muzuri, mama, haina shida hata." Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kidogo kama anayempima mtoto homa. "Banaiwasha mbele tufike," akaninong'oneza. Yaani wameiwasha kabla hatujafika. Turudi kesho, ikiwa baridi.

Hapo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoteketea. Injini iliyokwisha kupata moto inaficha mengi. Mlio wa kuwaka kwa shida, moshi wa mwanzo, kugongagonga kwa sekunde chache, vyote vinapotea ikishachemka. Muuzaji anajua. Ukimpigia simu kwamba unakuja saa nne, saa tatu unusu gari liko tayari linanguruma. Sisi tulirudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita, baridi ya huku wakati huo haipishani na ya Uyole. Premio ikawaka na kutoa moshi wa bluu, kwamba inakula oili. Injini za 1ZZ, kama yake, za miaka ile ya mwanzoni mwa 2000 zinasifika kwa ugonjwa huo, ni ringi za pistoni. Fundi akafungua kifuniko cha oili: chini yake utando mweupe kama maziwa ya mgando. Akafungua rejeta, maji yakaanza kutoa mapovu. Akanigeukia na uso wa msiba: "Juwe de kilasi inakufa."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kusema kweli nilisikia "jiwe la kilasi", nikawaza jiwe gani tena, na darasa linahusikaje. Baadaye ndipo nikafahamu ni Kifaransa: ni ile gasketi ya silinda hedi. Mjue, mkija huku, Kiswahili chenu cha gereji kitawaangusha. Kwetu maneno ya gari tuliyapokea kwa Waingereza, wao kwa Wabelgiji. Shokapu ni amortiseri, boljoint ni rotili, gia boksi ni bwati. Nilienda duka la vipuri nikaomba "plagi", kijana akaniletea plagi ya umeme ya ukutani. Huku wanasema buji.

IST ilipatikana kwa njia ya kuchosha, si ya maajabu. Mwalimu mmoja jirani alikuwa anahamia Likasi na alihitaji pesa. Fundi aliijua tangu zamani, aliwahi kuibadilishia breki. Injini ni 1NZ, cc 1,500, inatumia cheni badala ya mkanda, gia otomatiki nne za kizamani zisizo na mapozi. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox, Spacio, Raum, Fielder ya 1.5. Maana yake teksi nyingi za mji huu zinashirikiana damu na gari langu. Kaka, unaloliita aibu ndilo nililolilipia. Wiki iliyopita pampu ya maji ilianza kuvuja nikiwa njiani kurudi nyumbani, na kijana wa gereji ya pembezoni alikuwa na pampu nyingine mkononi kabla sijamaliza kueleza. Lile jeusi la kunukia hoteli lingekuwa bado limelala pale, mbuzi wanalikojolea.

Malipo nayo ni hadithi. Huku dola inatumika kama maji, lakini noti iwe nzima kama imetoka kupigwa pasi. Mwalimu alinirudishia noti mbili za mia kwa sababu ya mpasuko mdogo kuliko kucha. Noti zilezile Zambia nilipewa bila neno. Na kabla ya kumpa hata moja, fundi alilala chini na tochi, tukalinganisha namba ya shasi na karatasi, herufi kwa herufi. Ukiambiwa "karatasi ziko kwa kaka yangu, utaletewa", amka uondoke, hata kama umeshanunuliwa soda.

Zile 1,200 zilizobaki karibu zote zilikwisha ndani ya miezi miwili: kuhamisha jina, asiransi, matairi mawili, betri, amortiseri za mbele. Nimebaki na dola 160. Ningelinunua gari la 5,500, lingekuwa limesimama nje bila plaki, mimi napanda teksi ya watu na kumwangalia dereva wake kwa wivu.

Kuna jambo moja ambalo halina tiba, la usukani. Usukani wangu uko kulia kama nyumbani, barabara iko kulia kama ugenini. Mikono inajua gari, macho hayajui barabara. Mjini unazoea. Njia ya Likasi, kilomita kama 120, ukiwa nyuma ya lori la madini, hapo ndipo utakapomkumbuka Mungu wako. Ili uone mbele lazima nusu ya gari iwe tayari imetoka upande wa wanaokuja. Mimi sipiti lori bila abiria wa mbele kuniambia "iko wazi", na sichukui abiria wa mbele anayesinzia. Kwenye peaji, yaani kituo cha kulipia barabara, kibanda kiko kushoto, dirisha langu liko kulia. Nikiwa peke yangu nashuka, nazunguka gari na sketi yangu ya ofisini, nalipa, narudi, malori yananipigia honi. Wa usukani wa kushoto wananyoosha mkono tu, wanapita. Hapo, nakiri, namkumbuka yule Mjerumani.

Lakini asubuhi linawaka. Mara moja, kwenye baridi, bila kuombwa. Mimi niliyekuwa natoka nyumbani saa kumi na moja kugombea kiti kwenye Hiace na kuinuka nikiwa nimekunjwa kama khanga, sasa natoka saa moja kasoro, nimekunywa chai nikiwa nimekaa. Sijui kama vikaragosi vyenu vya kucheka vinalijua hilo.

Sasa kaka, kwa kuwa umeshacheka vya kutosha: bushi za kontroli amu, vile vipande vya mpira vya chini ya gari, zimeanza kugonga, na zile halisi kwako Mbeya ni rahisi kuliko hapa. Nunua nne, mpe dereva wa lori anayekuja huku. Kwenye mzigo andika Lubumbashi kwanza, kwa herufi kubwa, ndipo uandike Kenya. Ule wa mwisho uliandika Kenya peke yake, ukaishia Namanga.