Jinsi nilivyochagua diski za kuhifadhi picha za harusi

Mwaka jana mteja wangu wa zamani alinipigia simu. "Kaka, picha za harusi yetu ya 2009 bado unazo?" Nikamjibu ninazo, tena kwa madaha, maana kabati langu pale Ngara lina diski za kila harusi niliyopiga.

Kompyuta ilikoroma na CD yake, mwisho ikasema hakuna kitu. Nikaiinua dirishani: mwanga ukapenya kwenye vitundu kama chujio la chai. Kosa lilikuwa langu. Enzi hizo nilibandika stika yenye sura za maharusi, nikidhani napendezesha kazi. Kumbe kwenye CD data iko upande wa juu, imefunikwa na vanishi nyembamba tu. Stika ilipojikunja, ikabandua na utando unaong'aa. Picha chache tulizipata kwa shangazi yake Kakamega.

Nikaamua kuhamisha kila kitu. Luthuli Avenue nilionyeshwa DVD hamsini hamsini. "Bosi, hizi ndizo zinatoka." Zinatoka, ndiyo, lakini DVD-R za kawaida huandikwa kwenye rangi ya kemikali ambayo joto na jua huifubaza. Za RW, zile za kufuta na kuandika tena, sikuziuliza hata bei.

Nilielekea kwenye BD-R, yaani diski ya Blu-ray ya kuandika mara moja, ya GB 25. Nyingi safu yake ya kuandikia data si ya rangi bali ya madini, isipokuwa zilizoandikwa LTH kwenye boksi. Hizo zimerudi kwenye rangi. Muuzaji mmoja aliniapia hakuna tofauti, nikamshukuru nikaondoka. M-DISC nazo, diski za kuhifadhi kwa muda mrefu, hutangazwa kudumu miaka 1,000. Nani atakuwepo kuhakikisha? Ila safu yake haina rangi ya kemikali, na hilo lilinitosha. Kwa bei yake, nilinunua za harusi peke yake. Matangazo na sherehe za kampuni zikaenda kwenye BD-R za kawaida.

Sasa nachoma kwa kasi ya wastani, kisha nalinganisha kila faili na ile ya asili kabla sijafuta chochote. Stika nimeapa. Naandika namba kwa kalamu ya wino wa maji kwenye pete ya katikati isiyo na data, nasimamisha diski wima ndani ya kava ngumu, na nakala ya pili iko kwa kaka yangu Rongai.

Nimefika harusi za 2013. Diski tatu za 2011 zimekataa kusomeka, na wenyewe bado sijawapigia.