Sentensi Tatu za Clarke

Usiku wa Machi 24, 2004 nilikuwa zamu katika chumba cha habari cha redio, mimi na mhariri wetu, ambaye sote tulimwita Mzee. Washington bado kulikuwa mchana. Richard Clarke, aliyepata kuwa mratibu wa mapambano dhidi ya ugaidi katika Ikulu ya Marekani, alikuwa mbele ya tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11. Nilitarajia maelezo marefu ya kujitetea, kama ilivyo ada ya wakubwa. Kumbe alianza na jamaa wa waliouawa, akawaomba msamaha.

Sentensi tatu fupi tu, lakini kuzitafsiri kwa Kiswahili kulinitoa jasho, hasa maneno yake “failed you”.

Kwanza niliandika “serikali yenu iliwashindwa”. Mzee akacheka. “Kwani walikuwa watoto watukutu?”

Nikabadilisha: “iliwaangusha”, kama tunavyowasema wabunge na timu za mpira. Safari hii hakucheka. “Mwanangu, ndugu za hawa watu waliporomoka na maghorofa. Leo uwaambie wameangushwa?”

Nikafuta. Mezani nilikuwa na kurasa za wasifu wake: miaka 30 serikalini, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Clinton alimpa uratibu Mei 1998. Miezi mitatu haijatimia, mabomu yakalipuka Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja, watu 224 wakafa. Januari 25, 2001 Clarke aliuandikia uongozi mpya wa Rais Bush, akitaka wakuu wakutane haraka kuhusu al-Qaeda. Walikutana Septemba 4, wiki moja kabla ya maafa. Mtu mwenye waraka kama huo angeweza kuupunga hewani na kunawa mikono. (Mimi ningenawa, tena kwa sabuni.)

Zikiwa zimebaki dakika chache, Mzee akavua miwani. “Akufaaye kwa dhiki…” akaanza, akaniachia nimalizie. Sikumaliza, niliandika:

“Serikali yenu haikuwafaa. Waliokabidhiwa kuwalinda hawakuwafaa. Nami sikuwafaa.”

Taarifa ilipokwisha, simu ikalia. Mama mmoja, sauti ya mtu mzima.

“Mwanangu, huyo bwana, na sisi wa mwaka 98 ametutaja?”

Nikarudia karatasi yangu, mstari kwa mstari, ingawa nilikuwa naijua.

“Hapana, mama. Alikuwa anazungumza na wa Septemba 11.”

“Haya, asante,” akasema, akakata.