Nilivyoacha kusema "very good" kwa kila kitu

Mi kiingereza cha kuandika ripoti hakinisumbui, balaa lilikuwa pale mtu kanifanyia jambo zuri na inabidi aone kweli nimefurahi, hapo nabaki na "very good", "very nice", kama kasuku, uso mkavu, utadhani nalipa deni.

Siku iliyonishtua ni hii. Dada mmoja wa kazini alitupa mafunzo siku nzima na yalinoga kwelikweli, mijadala, ubishi, hata simu sikuikumbuka. Mwisho nikamfuata nikamwambia "The training was very funny". Akanyamaza afu akaniuliza taratibu, "Funny how?" Loh! Dada wa watu alidhani namcheka. Nilitaka kusema fun, yaani ilikuwa raha, funny ni ya kuchekesha au hata ya kutia shaka. Herufi mbili tu zilizoongezeka na nimeshamtukana mtu.

Toka hapo nikaanza kusikiliza wenzangu wanavyosema, na kumbe makosa yangu mengi yalikuwa yanatoka kwenye kiswahili changu mwenyewe. Sisi ukisema "nimeenjoi" sentensi imeisha, kwa hiyo nami nlikuwa nasema "I enjoyed" naweka nukta, na watu wanabaki wananiangalia nimalizie, enjoy inataka useme ulifurahia nini, "I enjoyed it", au kama ni raha ya jumla "I enjoyed myself", ambayo mwanzo nliona kama kujisifu lakini ndivyo wanavyosema. Kikija kitenzi kinavaa -ing, "I enjoyed talking to you", ile "enjoyed to talk" yangu ikafa hapo. Na "sana" nlikuwa naigeuza too, mtu katuma picha naandika "too beautiful", wakati too mara nyingi ni kitu kilichopitiliza hadi kikawa kero. Weka so au really, yaishe.

Interesting nayo nlikuwa naitoa kama sifa kubwa, kumbe ukiisema peke yake kwa sauti ya chini inasikika kama umekosa la kusema. Quite ndo usiseme, Muingereza akisema "quite good" mara nyingi ni nzuri kiasi, Mmarekani ni nzuri sana, mi nimeachana nayo kabisa.

Ila la aibu zaidi lilikuwa appreciate. Nlijua ni neno la shukrani basi, siku moja nikapokea barua pepe imeandikwa "I'd appreciate it if you could send the file today", nikasoma appreciate nikafurahi, nikajibu "You're welcome". Faili sikutuma. Kumbe nlikuwa naombwa! Baadae nikashika, "I appreciate your help" mtu anakushukuru, ikiwa na I'd na if jua kuna kazi inakuja.

Sasa kilichonitoa hasa sio kukariri maneno makubwa kama amazing na fantastic, nilijaribu nikasikika kama tangazo la redio. Nilianza kutaja kitu kimoja tu kilichonigusa, "I loved how you explained it", "I loved the part where you stopped and asked us". Mtu akisikia umetaja sehemu yenyewe anajua ulikuwepo na akili yako yote. Afu nikawa najirekodi kwenye simu maana sauti yangu ilikuwa bapa, neno really nalipita kama treni isiyosimama kituoni, nikajifunza kulikandamiza kidogo, "I REALLY enjoyed it". Mara ya kwanza kujisikiliza nilitamani kuitupa simu.

Miezi kadhaa baadae yule dada akatufundisha tena. Nikamfuata, nikavuta pumzi: "I really enjoyed that, especially the part where you let us argue". Akatabasamu mpaka macho, akaniuliza, "So, not funny this time?"